Kadi ya Shikamoo

Kila kifurushi cha kadi kilichotoka ofisi ya maji Singida kwenda kwenye mashine ya hesabu kule Dar es Salaam kilikuwa na kadi moja ya mbele ambayo haikuhusu kisima, wala bomba, wala kijiji cha mtu. Kadi hiyo iliiuliza mashine jambo moja tu: sini ya digrii thelathini ni ngapi? Mashine ikijibu nusu, kazi iendelee. Ikijibu kingine chochote, kazi isimame hapo hapo na kifurushi kirudishwe kilikotoka.

Wageni waliofika ofisini walicheka. Mtaalamu mzima na vyeti vyake anaiuliza mashine ya serikali swali la mtoto wa shule! Anastazia aliwaacha wacheke mpaka wachoke, kisha akawaambia kwamba ile ni kadi ya shikamoo. "Kwetu humwendei mtu mzima ukaanza kumwaga maneno," alisema. "Unamwamkia kwanza, unangoja aitikie. Asipoitikia, shida yako unaibeba unarudi nayo nyumbani." Wengine walielewa, wengine waliendelea kucheka. Watu wa Unyankuni hawakucheka hata siku moja, maana wao walijua kadi ile ilizaliwaje. Ngoja nikueleze na wewe.

Anastazia alikuwa mtoto wa Unyankuni, upande wa Ikungi, mahali penye mawe makubwa yaliyobebana na matembe, nyumba za paa la udongo, yaliyojificha nyuma yake. Baba yake alifariki yeye akiwa hajaanza shule. Mama yake, Esta, alimlea peke yake kwa uwele, mbuzi saba na mdomo usiojua kunyamaza. Alikuwa mama wa kusema, Esta, na alisema bila kupunguza. Mtoto alipofaulu kwenda shule ya misheni watu walimwambia atapoteza mchunga mbuzi. Akawajibu kwamba mbuzi wana miguu yao, watajichunga.

Kule shuleni mwalimu alimpa Anastazia zawadi ya kitabu cha majedwali ya hesabu. Kilikuwa kitabu chembamba, jalada la kijani, kurasa zote tarakimu tupu, hakuna hata picha ya kuku. Wenzake waliona ni adhabu. Yeye, jamani, alikipenda kuliko gauni la Krismasi. Ukitaka kipeuo cha pili cha namba, kuna ukurasa wake. Ukitaka sini ya pembe, unashuka na kidole kwenye safu ya digrii upande wa kushoto, unakwenda kulia, jibu hilo hapo. Watu usiowajua wamekwisha kuumwa kichwa kwa niaba yako. Likizo alikwenda nacho machungani, na baadhi ya majibu yaliingia kichwani yakakaa. Sini ya sifuri ni sifuri, ya thelathini ni nusu, ya tisini ni moja. Hayo hata ungemwamsha usingizini angekujibu.

Akasoma, akaendelea kusoma, akaajiriwa ofisi ya maji mjini Singida. Mwaka sabini na mbili wakamchagua kwenda Dar es Salaam miezi mitatu kujifunza mashine ya hesabu. Alipanda basi hadi Manyoni, akadandia treni, na siku ya pili akawa amesimama mbele ya dubwana linalojaza chumba kizima, linalopulizwa ubaridi kama maiti, huku binadamu wanaongoja majibu yake wanatoka jasho nje. Maneno hayo ni yake mwenyewe, si yangu.

Mashine ilikuwa na lugha yake, Fotrani. Ukitaka ifanye jambo, unaandika kwa lugha hiyo kwenye karatasi, wasichana wa kutoboa kadi wanatoboa, kadi zinaingia, majibu yanatoka yamechapwa. Kilichomfurahisha Anastazia kuliko vyote ni kwamba ndani ya lugha ile mlikuwa na kazi zilizokwisha kutengenezwa tayari. Ukitaka kipeuo cha pili, huandiki hatua zake. Unaandika jina la kazi hiyo, unafungua mabano, unatia namba, unafunga. Ni kama kumtuma mtu dukani. Unamtajia kitu, anakuletea, huna haja ya kujua kapita njia ipi. Anastazia aliona ni kitabu chake cha kijani kimepata uhai.

Alisoma benchi moja na Ramila, binti wa Kanti mwenye duka la vitambaa pale pale Singida mjini. Mjini kwao walikuwa wakipishana tu. Ugenini wakawa ndugu. Wiki ya mwisho homa ilimwangusha Anastazia siku mbili, na aliponyanyuka Ramila akamwazima daftari anakili yaliyompita. Akakuta kichwa cha somo: sini na wenzake. Akapiga ulimi. "Sini mimi naijua tangu shule," akasema, akanakili jina lake na mabano yake, akafunga daftari na kulirudisha. Chini ya ukurasa ule palikuwa na mstari mmoja zaidi. Hakuusoma. Kiburi cha mtu mwenye akili ni kitu kibaya, maana hakuna anayemshuku, hata yeye mwenyewe.

Haya. Mwaka sabini na nne ukafika, na mnajua mwaka ule ulikuwaje. Watu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, mkoa mzima vumbi la malori. Unyankuni tayari kilikuwa kijiji, kaya zimesogezwa zikakaribiana, lakini neno likaja kwamba kijiji kisicho na maji ya uhakika hakitaandikishwa. Watu wake wapelekwe kwenye uwanda kando ya barabara kuu, mwendo wa siku nzima kwa miguu, kwenye udongo mweupe ambao hata magugu yanauhurumia. Unyankuni walikuwa na tumaini moja: chemchemi ya Kisanda, kilomita sita na kitu kupita makorongo na migongo ya mawe, isiyokauka hata kiangazi kikali. Kama chemchemi iko juu kuliko kijiji, bomba litazikwa na maji yatashuka yenyewe. Kama iko chini, itabidi mtambo wa kusukuma, na mtambo haukuwepo wala haukutarajiwa.

Kazi ya kupima akapewa Anastazia. Nani mwingine? Alikwenda na Philipo, mshika mnyororo wa ofisi, baba wa watoto watano, mtu wa utani asiyejua kukasirika. Walianzia juu ya jabali la chemchemi. Philipo alivuta mnyororo wa kupimia mpaka ukakaza. Anastazia akachungulia kwenye kibomba cha shaba kinachotaja mwinamo wa ardhi kwa digrii. Akaandika urefu, akaandika pembe, wakasogea. Urefu ukiuzidisha kwa sini ya pembe unajua hapo umeshuka au umepanda kiasi gani. Ukijumlisha vipande vyote unajua jumla. Walishuka korongo, wakapanda mgongo, wakashuka tena, siku nane, vipande mia tatu na kumi na viwili. Kwa macho usingeweza kusema lipi limezidi, kushuka au kupanda.

Kutafuta sini mia tatu na kumi na mbili kitabuni, moja moja, na kuzidisha kwa mkono, ni kazi ya kutoa machozi, na vijiji vya kupima vilikuwa vingi. Anastazia aliandika maagizo yake kwa Fotrani. Akaiambia mashine ichukue kila kipande, izidishe urefu kwa sini ya pembe, ijumlishe. Ili kubana karatasi akaiambia ichape jumla peke yake. Akatuma. Baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, bahasha ikarudi na mstari mmoja. Chemchemi ya Kisanda iko chini ya kijiji kwa mita thelathini na nane.

Hakutilia shaka hata chembe. Alichohisi ni huzuni, huzuni nzito ya mtu aliyetumwa kuleta habari njema akaokota msiba.

Jumamosi yake mkutano ukaitishwa Unyankuni. Aliyesimama kusema alikuwa Bwana Samweli, mkuu wake wa kazi, mtu mrefu mwenye kofia asiyoivua hata kwa mvua. Akasoma karatasi. Orodha ya vijiji vya kuhamishwa itatiwa saini Jumamosi ijayo, malori Jumatatu. Watu waliguna. Mzee mmoja aliuliza karatasi imeandikwa na nani, Bwana Samweli akaonyesha kwa mkono, na macho ya kijiji chote yakamwangukia Anastazia. Hapo ndipo alipotamani ardhi ipasuke.

Esta akasimama katikati ya wanawake. "Mimi sikusoma," alisema, "lakini nina macho. Kila masika maji ya mafuriko yanapita nyuma ya tembe langu, na yanakuja na tini za mkuyu. Unyankuni hakuna mkuyu. Mikuyu iko Kisanda peke yake. Sasa Bwana Mkubwa, nieleze, hizo tini zinapandaje mlima?"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Bwana Samweli akasema ndege hubeba tini. Akasema mashine ile haibishani na mtu wala haina shamba hapa. Mkutano ukaisha.

Jumapili Anastazia alikwenda kwa mama yake baada ya kanisa. Alimkuta nje anapepeta uwele.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Mama, yale ya tini. Umeziona kwa macho yako?"

"Nimeziona miaka arobaini. Nimewalisha nazo mbuzi waliokusomesha." Esta akaweka ungo chini, na sauti yake ikalegea, jambo ambalo Anastazia hakulizoea. "Lakini nimefikiri usiku kucha. Wewe ndiye uliyesoma. Nilikupeleka shule ili ujue nisiyoyajua, sasa nikikubishia mbele za watu nimekupeleka kufanya nini? Kama wewe umesema iko chini, iko chini. Kesho naanza kutoa miti ya paa, isije ikaozea hapa. Miti mizuri ile, baba yako aliikata mwenyewe."

Jamani. Angemtukana ingekuwa nafuu. Anastazia alirudi mjini na baiskeli yake hajui anakanyaga nini. Akafungua daftari la vipimo mlangoni pa chumba chake, jua bado lipo, akasoma mstari wa kwanza kabisa, ule wa kutoka juu ya jabali la chemchemi. Mnyororo mita ishirini. Pembe, kushuka digrii thelathini.

Thelathini! Sini yake ni nusu. Nusu ya mita ishirini ni mita kumi. Mwanzo tu wa safari walikuwa wameshashuka mita kumi, na yeye aliteremka pale kwa makalio akiwa ameshika mzizi huku Philipo anamcheka. Akajiuliza swali ambalo ilimpasa ajiulize wiki mbili nyuma: je, mashine nayo imeona mita kumi? Hakujua. Alikuwa ameiambia ichape jumla peke yake.

Angeweza kuanza kupiga hesabu kwa mkono hapo hapo. Lakini alimjua Bwana Samweli. Mkono wa Anastazia ukisema hivi na mashine ikasema vile, mkono ungeitwa umechoka, tena mkono wa mtoto wa kijiji hicho hicho! Mashine ilipaswa kukamatwa kwa kauli yake yenyewe. Ilipaswa iulizwe kitu ambacho jibu lake dunia nzima inalijua.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la posta kuomba simu ya Dar es Salaam, ambako Ramila alibaki kufanya kazi kwenye mashine. Alingoja hadi adhuhuri. Sauti ya Ramila ilipotokea ilikuwa kama inatoka ndani ya mtungi.

"Ramila, iulize mashine sini ya thelathini!"

"Ya ngapi?"

"Thelathini! Peke yake! Iandike kama nilivyoandika mimi, usibadilishe kitu!"

"Anastazia, wewe hujui sini ya thelathini? Una homa tena?"

"Naijua mimi! Nataka kujua kama yenyewe inaijua!"

Posta nzima iligeuka kumtazama. Simu ikakatika. Hakujua Ramila amesikia nini na hajasikia nini.

Jumanne saa tisa mchana ikaja simu ya maandishi. Karani alimkabidhi huku amekunja uso, maana hakuelewa alichokipokea. Ilisema: JIBU LA MASHINE HASI NUKTA TISA NANE NANE. SINI YA MASHINE HAITAKI DIGRII INATAKA RADIANI. ILIKUWA KWENYE DAFTARI LANGU. POLE. RAMILA.

Anastazia alisoma mara moja, akasoma mara ya pili, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika dirisha. Alicheka mpaka machozi yakamtoka na karani akauliza kama ni msiba. "Si msiba," alisema, "ni upumbavu, upumbavu wangu, asante Mungu!" Akatoka nje amekumbatia karatasi ile kifuani, mwepesi mwili mzima, kama aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani.

Maana sasa aliona yote. Pembe unaweza kuipima kwa digrii, mduara mzima mia tatu na sitini. Unaweza pia kuipima kwa radiani, na hapo mduara mzima hauzidi sita na kidogo; radiani moja tu inameza digrii hamsini na saba. Kitabu cha kijani kilisema digrii. Kibomba cha shaba kilisema digrii. Maisha yake yote sini na digrii zilikuwa zinatembea pamoja, hakuwahi kukutana nazo zimeachana. Lakini waliotengeneza ile kazi ndani ya Fotrani walitaka radiani, wakasema hivyo wazi, na mstari wa kusema hivyo ndio ule alioufungia daftari. Alipotia thelathini mashine ilipokea radiani thelathini, ikazunguka mduara karibu mara tano, ikatua upande usio wake. Iliona mlima penye mteremko na mteremko penye mlima, kipande baada ya kipande, na yale makosa makubwa makubwa yakakatana yenyewe kwa yenyewe mpaka jumla ikatoka imevaa sura ya ukweli. Mashine haikudanganya. Ilijibu ilichoulizwa.

Sasa kazi ya kuungama. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Samweli, akamwambia bila kuzunguka: yale maelezo ni batili, kosa ni langu, pembe nilizitia kwa kipimo kisicho chake.

Bwana Samweli alimtazama. "Unajua unachokisema, ndugu? Nimesimama mbele ya watu. Nimewaambia wabomoe nyumba. Nimemjibu mama mtu mzima kwamba ndege hubeba tini!"

"Mama mwenyewe ni mama yangu, Bwana."

"Ndiyo ubaya wake! Watasema unamtetea."

"Ndiyo maana sikuja na maneno," alisema Anastazia, akaweka karatasi ya Ramila mezani. "Hili ni jibu la mashine. Sini ya thelathini, imesema hasi nukta tisa nane nane. Bwana, wewe umesoma. Sini ya thelathini ni ngapi?"

Bwana Samweli aliisoma karatasi, kisha, kwa mara ya kwanza tangu Anastazia amfahamu, akavua kofia. Alikuwa na upara, masikini, kumbe ndicho alichokuwa anakificha. "Nusu," alisema. "Ijumaa adhuhuri. Niletee jumla mbili, ya mkono na ya mashine, na zisipolingana, orodha naitia saini kama ilivyo."

Ramila akapigiwa simu: azidishe kila pembe kwa pai na kuigawa kwa mia na themanini kabla ya kuitia kwenye sini, aendeshe upya. Hapo mjini, Anastazia na Philipo wakafungua kitabu cha kijani. Philipo alisoma urefu na pembe, Anastazia akatafuta sini na kuzidisha, Philipo akarudia jibu kwa sauti ili asikosee kuliandika. Jumatano yote, Alhamisi yote. Vidole vikawa vyeusi kwa wino. Mchana wa Alhamisi Philipo aliuliza kama sini nazo zinaumwa mgongo, maana yeye wake umekufa. Anastazia alikuwa anaona jumla inavyosogea, na kila ukurasa ulivyopita hofu ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, lakini hakusema. Aliogopa kusema.

Ijumaa saa tano wakamaliza. Chemchemi ya Kisanda iko juu ya kijiji cha Unyankuni kwa mita hamsini na nne na sehemu mbili za kumi. Philipo aliinuka, akazunguka meza, akakaa tena. Saa tano na nusu ikaingia simu ya maandishi ya Ramila: JUU MITA HAMSINI NA NNE NUKTA TATU. SHEREHE NIMEKOSA NILETEENI KARANGA.

Sehemu moja ya kumi ya mita, jamani, kati ya mkono na mashine! Bwana Samweli aliziweka karatasi mbili pamoja, akachukua orodha, akapiga mstari juu ya jina la Unyankuni, na pembeni yake akaandika neno bomba. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Chukueni Landrova, mkawaambie kabla hawajabomoa. Na mwambie mama yako..." Akasita, akavaa kofia. "Nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Njia nzima Anastazia aliona gari linatambaa. Philipo alimwambia asisukume dashibodi kwa mikono, halitakwenda zaidi. Walipopinda kwenye mawe makubwa akaona tembe la mama yake. Nusu ya paa ilikuwa wazi. Udongo wa juu umekwanguliwa, fito zimerundikwa chini, miti mitano imelazwa kando imefungwa kamba tayari kwa lori. Juu ya nusu iliyobaki alikuwa Esta mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini, kanga imefungwa kiunoni, anang'oa mti wa sita.

"Mama! Acha! Shuka!"

"Usinipigie kelele, nitaanguka."

"Iko juu, Mama! Kisanda iko juu! Mita hamsini na nne! Hamhami!"

Esta aliacha mti. Akakaa pale pale ukingoni, miguu inaning'inia. "Nani kasema?"

"Mimi. Na mashine. Nilikosea, Mama. Mashine niliiuliza vibaya, nikaleta uongo nikausimamia mbele yako. Tini zako zilikuwa kweli tangu mwanzo." Hapo Anastazia akalia, bila kujificha, dereva na Philipo wanatazama pembeni.

Mama yake alitazama upande wa Kisanda, akatazama miti mitano iliyolala chini, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. Kisha akapiga kigelegele kimoja, kirefu, kikapiga kwenye mawe na kurudi, na kutoka tembe la jirani mtu akakiitikia kabla hajajua ni cha nini, na kutoka la mbele mwingine, mpaka kijiji kizima kikawa kinaitikiana. Watu wakaanza kutoka mbio.

Bomba lilichimbwa mwaka uliofuata, na maji yalishuka yenyewe kama yalivyokuwa yakishuka siku zote. Bwana Samweli alikwenda kweli kwa Esta, akakaa kwenye kigoda, akasema alichokuja kusema, akaondoka na uwele wa kutosha wiki nzima. Kadi ya shikamoo ilianza Jumatatu ile ile ambayo malori hayakuja. Ramila aliitunza mbele ya kila kifurushi miaka yote aliyokuwa kazini, hata vifurushi vya mikoa mingine.

Lakini Ijumaa ile kazi ilikuwa bado. Anastazia alivua viatu vya ofisi, akapanda juu, Philipo akamrushia miti mmoja mmoja, na wakairudisha mahali baba yake alipoiweka. Wakapanga fito, wakapandisha udongo, wakaumwagia maji. Esta alikaa chini kivulini amekunja mikono, anamtazama binti yake anavyoukanyaga udongo ule kwa miguu mitupu, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kanyaga vizuri huko pembeni," alimwambia. "Masika pakivuja nitajua ni hesabu zako."